Hisia Zinazohesabika na Hisia Zinazofichwa: Uhakiki wa Upimaji wa Maoni ya Umma kuhusu Vita katika Machapisho ya Kirusi ya Mitandao ya Kijamii

Ikisiri

Tangu Februari 2022 machapisho ya Kirusi katika mitandao ya kijamii yamekuwa chanzo kikubwa cha data kwa watafiti wanaotaka kujua umma wa Urusi unaionaje vita ya Ukraine. Makala haya yanauhakiki upimaji huo kwa jicho la isimu. Hoja yake ni kwamba kasoro kubwa imo katika dhana ya lugha inayotangulia hesabu: kwamba neno hubeba hisia, hisia hufichua msimamo, na msimamo wa waandikao ni msimamo wa umma. Mifano inatolewa katika tasfida, mafumbo, vihusishi na matendo uneni ya Kirusi cha wakati wa vita. Mwishoni makala yanagusa upimaji wa aina hiyo katika Kiswahili.

1.0 Utangulizi

Tarehe 24 Februari 2022 majeshi ya Urusi yaliingia Ukraine. Rais Vladimir Putin aliliita tukio hilo "operesheni maalumu ya kijeshi", na siku mbili baadaye Roskomnadzor, mamlaka inayosimamia mawasiliano nchini Urusi, iliviagiza vyombo vya habari viache kuliita vita, uvamizi au shambulio. Tarehe 4 Machi ikatiwa saini sheria iliyoingiza katika Kanuni ya Adhabu kifungu cha 207.3, kinachoweza kumfunga mtu hadi miaka 15 kwa kusambaza "habari za uongo" juu ya majeshi, pamoja na kifungu cha 280.3 kuhusu "kuyavunjia heshima" majeshi hayo. Kabla ya mwezi kwisha, Facebook, Twitter na Instagram zilikuwa zimefungwa. Mrusi asiyejua au asiyethubutu kuzunguka vizuizi alibaki hasa na VKontakte, Odnoklassniki na Telegram. Hiyo ya kwanza, tangu Desemba 2021, inaongozwa na mtoto wa Sergei Kiriyenko, naibu mkuu wa kwanza wa ofisi ya Rais.

Kipindi hichohicho, ambacho mtu alihitaji kupima kila neno kabla ya kuliandika, ndicho kilichoshuhudia upimaji wa hisia za umma kwa njia ya maneno ukishamiri. Sababu zinaeleweka. Watafiti wa nje hawakuweza tena kufanya kazi ya uwandani, kura za maoni zilianza kutiliwa shaka, na machapisho yalikuwepo kwa mamilioni bila gharama kubwa. VoynaSlov, mkusanyiko uliotangazwa mwaka 2022 na Chan Young Park na wenzake, ulileta pamoja machapisho ya vyombo vya habari vya Urusi na maoni ya wasomaji wao katika Twitter na VKontakte. Jina lenyewe linaundwa na maneno ya Kirusi *voyna*, yaani vita, na *slov*, yaani ya maneno.

Swali linaloulizwa ni zito. Jibu lake hutumika kuamua iwapo Mrusi anayekimbia uandikishwaji jeshini apewe hifadhi, iwapo vikwazo vya kiuchumi vinamwadhibu mtawala au mtu aliyekwisha kumkataa mtawala moyoni, na iwapo raia wa Ukraine aamini kwamba upande wa pili wa mpaka yupo mtu wa kuzungumza naye. Mchoro wenye mstari mwekundu na mstari wa kijani unaoonyesha "hisia chanya" zikipanda unaweza kuingia katika hoja hizo zote bila mtu kuuliza mistari ile imetokana na maneno gani.

2.0 Aliyeulizwa na asiyeulizwa

Kituo cha Levada, ambacho serikali ya Urusi ilikiorodhesha kuwa "wakala wa kigeni" mwaka 2016, kilikuta Machi 2022 kwamba asilimia 81 ya waliohojiwa waliunga mkono vitendo vya majeshi: asilimia 53 kwa uhakika, asilimia 28 kwa kiasi. Muda mfupi baadaye Philipp Chapkovski na Max Schaub walitumia mbinu ya orodha. Wahojiwa hugawanywa kwa bahati nasibu katika makundi mawili; kundi moja hupewa orodha ya mambo ya kawaida, la pili hupewa orodha hiyohiyo ikiongezewa jambo nyeti, na kila mtu hutaja idadi tu ya mambo anayoyaunga mkono, bila kusema ni yapi. Tofauti ya wastani wa makundi hayo hutoa kadirio la wanaounga mkono jambo nyeti, na hakuna mtu mmojammoja anayefichuka. Walipouliza moja kwa moja, asilimia 68 walisema wanaunga mkono vita. Kwa mbinu ya orodha kadirio lilishuka hadi asilimia 53. Hali hiyo ya kusema hadharani kinyume cha yaliyo moyoni ndiyo Timur Kuran (1995) aliyoichambua kwa upana katika kazi yake juu ya ukweli wa faragha na uongo wa hadharani.

Matokeo hayo yamewafanya baadhi ya watafiti waone machapisho ya mitandaoni kuwa kimbilio. Hoja yao ni kwamba anayechapisha hakuulizwa na mtu, kwa hiyo hana sababu ya kudanganya. Hoja hii ni dhaifu kuliko inavyosikika. Mhojiwa wa kura ya maoni husema mara moja, kwa sauti asiyoijua, na jina lake halichapishwi. Mwandishi wa VKontakte huandika chini ya jina lake na picha yake, mbele ya mwajiri, jamaa na jirani, na maandishi yake hubaki yakitafutika hata baada ya sheria kubadilika. Kama woga humfikia wa kwanza, sembuse wa pili? Anayeogopa kweli haandiki kabisa, na asiyeandika hamo katika data. Elisabeth Noelle-Neumann alieleza tangu 1974 jinsi anayejiona yuko peke yake anavyozidi kunyamaza, na ukimya wake ukawafanya wengine nao wajione wako peke yao. Mkusanyiko wa machapisho hauna safu ya kuandikia ukimya.

Utetezi ulio bora zaidi wa mbinu hii ni mwingine. Unakubali kwamba machapisho hayawakilishi umma, lakini unasema kwamba yakilinganishwa na yenyewe, wiki kwa wiki, kosa lilelile hujirudia na hivyo mabadiliko yanayoonekana ni ya kweli. Utetezi huo ungesimama kama waandikao wangekuwa walewale na woga wao ungebaki kuwa uleule. Havikubaki. Mamia ya maelfu ya Warusi waliihama nchi mwaka 2022, na hasa baada ya tangazo la Septemba 21 la kuwaita askari wa akiba 300,000. Wengi wao waliendelea kuandika Kirusi wakiwa Tbilisi, Almaty au Berlin. Kwa upande wa Ukraine, ambako mamilioni ya watu walikuwa wakiandika Kirusi kila siku, utafiti uliochapishwa mwaka 2024 katika jarida la *Communications Psychology*, ukitumia jumbe za Twitter zaidi ya milioni 4, ulionyesha kwamba waandishi walikuwa wakihamia Kiukreni na kwamba uvamizi uliharakisha sana mwendo huo. Maana yake kwa mpimaji ni hii: sauti zilizokuwa na hasira kali zaidi dhidi ya vita zilijiondoa zenyewe katika lugha inayopimwa. Wastani wa hisia za "machapisho ya Kirusi" unaweza kupanda pasipo mtu hata mmoja kubadili mawazo. Mtafiti anayeandika "lugha ya Kirusi" katika kichwa cha makala na "Warusi" katika hitimisho amevuka mpaka bila kuonyesha pasi.

3.0 Lugha iliyovaa barakoa

Programu nyingi za kupima hisia za Kirusi zina asili mbili. Zipo zinazotegemea kamusi za maneno yaliyopewa alama, kama RuSentiLex ya Natalia Loukachevitch na Anatolii Levchik (2016), na zipo zilizofunzwa kwa machapisho ambayo watu waliyasoma na kuyawekea lebo. Kati ya hizi za pili, mkusanyiko uliotumiwa sana ni RuSentiment (Rogers na wenzake, 2018), wenye machapisho zaidi ya 31,000 ya VKontakte. Programu huria iliyopewa jina la Dostoevsky imefunzwa kwa mkusanyiko huo. Machapisho yake yaliandikwa miaka kadhaa kabla ya 2022, na watu waliokuwa wakizungumzia mambo ya kila siku.

Kirusi cha baada ya Februari 2022 ni rejista nyingine. Tazama neno *khlopok*. Vyombo vya habari vya Urusi vilizoea kulitumia, likiwa na maana ya mlio mfupi kama wa kupiga kofi, mahali pa neno la kawaida la mlipuko. Neno hilohilo, likibadilishiwa mkazo ambao maandishi hayauonyeshi, lina maana ya pamba. Wachekeshaji wa Ukraine wakalitafsiri kwa pamba ya Kiukreni, *bavovna*, na tangu hapo kila ghala la silaha lililolipuka nyuma ya mstari wa Warusi lilisemwa kuwa limechanua pamba. Programu ikutanapo na machapisho hayo huona mlio mdogo, au zao la biashara. Vivyo hivyo *prilet*, kwa asili kufika au kutua kwa kitu kirukacho, sasa ni kombora lililopiga. Nambari 200, iliyokuwa alama ya kijeshi ya shehena ya maiti tangu vita ya Afghanistan, imekuwa jina la aliyekufa, na 300 jina la aliyejeruhiwa. Katika hatua ya kusafisha data, nambari kwa kawaida hufutwa. Mauti yenyewe hufutwa pamoja nazo.

Upande wa pili wa tasfida za dola ni mafumbo ya raia. Warusi wana jina la kale la usemi wa namna hii, "lugha ya Aesopo", lililoenezwa na mwandishi Saltykov-Shchedrin katika karne ya 19 kueleza jinsi ya kuandika chini ya jicho la mdhibiti. Mwaka 2022 usemi huo ulirudi kwa nguvu. Maneno "hapana kwa vita" kwa Kirusi, *net voyne*, yana herufi tatu na herufi tano. Watu walibeba mabango yenye nyota tatu na nyota tano, na wakakamatwa. Mjini Tyumen mwanamke mmoja aliyeshtakiwa kwa kuandika *net v\*\*\*e* aliieleza mahakama kwamba alimaanisha *vobla*, samaki mkavu anayeliwa sana nchini humo. Mahakama ya awali iliifuta kesi, ingawa uamuzi huo ulitenguliwa baadaye, na samaki huyo akaogelea katika maelfu ya machapisho. Yakaja pia maneno ya kuchonga kama *mogilizatsiya*, ambamo uandikishwaji wa askari umeunganishwa na *mogila*, kaburi. Msomaji aliyekulia kati ya majina ya kanga na mipasho ya taarabu hahitaji kuelezwa kwamba ujumbe mkali kuliko yote unaweza kukaa katika neno lisilo na ukali wowote. Mashine inahitaji kuelezwa, na kila inapoelezwa fumbo limekwisha kuhama. Fumbo linalotambulika kwa mashine halimfai tena mwenye kulitumia.

Hata hivyo, hasara inayostahili kuwasikitisha zaidi wanaisimu haitokani na mafumbo. Inatokana na vihusishi viwili vya herufi chache. Kirusi cha kimapokeo, na cha serikali ya Urusi, husema *na Ukraine*, kwa kihusishi kinachotumiwa pia kwa visiwa, nyanda na pembezoni. Mwaka 1993 serikali ya Ukraine iliomba itumike *v Ukraine*, kwa kihusishi kinachotumiwa kwa nchi nyingi. Tangu hapo uchaguzi kati ya *na* na *v* umebeba siasa, na baada ya 2014, na zaidi baada ya 2022, mtu anayeandika Kirusi ni nadra kuchagua kimoja bila kujua anakisema nini. Wapo wazee wanaosema *na* kwa mazoea na wanaipinga vita. Kihusishi peke yake hakimhukumu mtu. Lakini kikitazamwa pamoja na kama mwandishi anasema *voyna* au kifupisho rasmi SVO, kinaeleza msimamo kuliko vivumishi kumi. Sasa, hatua ya kwanza katika taratibu nyingi za uchakataji ni kuondoa maneno madogo yanayohesabiwa kuwa hayana uzito. Vihusishi huongoza orodha hiyo. Mtafiti hutupa ushahidi wake bora kabla hajaanza kazi, kisha hutumia kompyuta za gharama kubwa kuutafuta mahali ambapo haupo. Ni vigumu kuupata mfano mwingine unaoonyesha waziwazi hivyo kwamba usafishaji wa data ni uamuzi wa kiisimu unaofanywa na watu ambao hawakudhani wanaamua lolote.

Alama za uandishi zina mkasa kama huo. Waandishi wa Kirusi huweka mabano ya kufunga peke yake, moja au mengi, kama tabasamu, na mabano ya kufungua kama huzuni. Sentensi ya uzalendo inayoishia kwa mabano matatu inaweza kuwa kicheko cha dhihaka. Mabano nayo hufutwa.

4.0 Hisia si msimamo

Tuseme matatizo yote hayo yametatuliwa na mashine inasoma Kirusi kama mzawa. Bado ingepima kitu kingine. Tarehe 14 Aprili 2022 manowari *Moskva* ilizama katika Bahari Nyeusi. Aliyefurahia kuzama kwake aliandika kwa furaha, naye aliipinga vita ya Urusi. Aliyeilia aliandika kwa uchungu, naye pengine aliiunga mkono. Katika mchoro wa hisia wa wiki hiyo, wa kwanza anaongeza kijani na wa pili anaongeza nyekundu. Mstari unaosomwa kama "umma umechoka na vita" unaweza kuwa ni umma unaodai vita kali zaidi. Wanablogu wa kijeshi wa Telegram, waungaji mkono wakubwa wa mapigano, ni miongoni mwa wanaowakaripia majenerali kwa lugha chungu kabisa.

Mfano mgumu zaidi ni wa *Put Domoi*, "Njia ya Nyumbani", vuguvugu la wake wa wanaume walioandikishwa, lililojitokeza katika Telegram mwaka 2023. Mwanzoni madai yao yalikuwa kwamba waume zao wamekaa vitani muda mrefu na sasa warudishwe. Wapo waliotaka wanaume wengine wapelekwe badala yao, na wapo ambao kadiri miezi ilivyopita walianza kuhoji vita yenyewe. Je, andiko la mke anayeomba mumewe apumzishwe ni la kupinga vita? Mwenyewe huenda hakuwa na jibu siku alipoliandika. Lebo ya "hasi" ni sahihi na haina maana. Kinachohitajika hapo ni usomaji: nani anaombwa, kwa jina gani la heshima, nini hakitajwi, na ombi linabadilikaje kutoka tangazo moja hadi jingine. Kazi hiyo ni ya polepole, nayo inaweza kufanywa na mtu mwenye machapisho mia mbili na subira.

Kwa haki, waasisi wa RuSentiment waliliona tatizo la jirani. Waliweka lebo ya pekee kwa matendo uneni, yaani pongezi, shukrani na salamu za kimazoea, kwa sababu maneno hayo ni ya fomula na hayathibitishi hisia ya anayeyasema. Uamuzi huo unastahili sifa kuliko ulivyosifiwa. Kila Februari 23, Siku ya Watetezi wa Taifa, na kila Mei 9, Siku ya Ushindi, mitandao ya Kirusi hujaa pongezi. Tafiti zinazotumia lebo mbili au tatu tu huzimeza pongezi hizo na kuzitoa upande wa pili zikiwa shangwe za vita. Mtu aliyemtumia babu yake salamu za sikukuu amehesabiwa kuwa mwanajeshi wa maoni.

5.0 Mpimaji mwingine

Tafiti nyingi za fani hii huandikwa kana kwamba mwanataaluma ndiye pekee anayesoma. Mwaka 2022 nyaraka nyingi za ofisi ya Roskomnadzor ya Bashkortostan zilivuja na kuonyesha maofisa wakifuatilia machapisho ya raia, wakiandika taarifa juu ya hali ya "mvutano" katika jamii na kuwaorodhesha watu. Februari 2023 chombo kilicho chini ya mamlaka hiyo kilianzisha Okulus, mfumo wa akili unde wa kutafuta picha na video zilizopigwa marufuku. Shirika la haki za binadamu la OVD-Info limehesabu karibu watu 20,000 waliokamatwa kwa kuipinga vita. Kwa hiyo mfumo unaofumbua mafumbo ya raia vizuri kuliko mfumo uliotangulia, ukitolewa huria pamoja na data yake, ni zawadi kwa wasomaji wawili. Sehemu za maadili katika makala nyingi husema majina yamefutwa. Hazisemi kwamba sentensi nzima ikinakiliwa katika kisanduku cha kutafutia humrudisha mtafutaji kwa mwenyewe aliyeiandika.

6.0 Njia hiyohiyo katika Kiswahili

Mbinu zinazohakikiwa hapa zimekwisha kufika katika Kiswahili. AfriSenti, mkusanyiko wa mwaka 2023 wenye jumbe zaidi ya 110,000 za Twitter katika lugha 14 za Afrika, unajumuisha Kiswahili, na unatumia lebo tatu: chanya, hasi na isiyo na upande. Lebo ya matendo uneni haimo. Neno *pole* litawekwa wapi? Katika msiba ni huruma, kwa mchovu ni salamu, na katika *pole yako* ni kijembe. Viambishi ngeli navyo viko katika hatari ileile ya vihusishi vya Kirusi: programu inayokata viambishi ili kufikia shina haitofautishi *mtu*, *jitu* na *kijitu*, ilhali dharau yote imekaa katika kilichokatwa.

Na vita ipo. Goma iliangukia mikononi mwa M23 Januari 2025, na wakazi wake huandika Kiswahili, pamoja na Kifaransa, huku wakijua ni nani anayeushika mji wiki hiyo. Kuchora mstari wa "hisia za watu wa Goma" kutoka Nairobi au Dar es Salaam kunawezekana leo kwa gharama ndogo. Neno *wazalendo*, ambalo kila kamusi ya hisia italipa alama ya juu, ni jina linalotumika Kivu kwa makundi yenye silaha yanayopigana upande wa serikali ya Kinshasa. Kamusi iliyotungwa kwa matini za Dar es Salaam itaihesabu kila habari ya Wazalendo kuwa njema, hata kama imeandikwa na mtu aliyenyang'anywa mbuzi wake kwenye kizuizi cha barabarani.